Mchujo wa Wote

Neno mchujo limetoka jikoni. Mpishi akishakuna nazi huitia maji, akaikamua katika kifumbu. Tui likapita na chicha ikabaki. Hapana aulizaye kwa nini kazi hiyo ifanywe, maana wali wenye chicha haumpendezi mlaji. Swali lililo na maana ni jingine: kifumbu ki mikononi mwa nani? Akamuaye ndiye aamuaye tui liwe zito au jepesi, na mgeni aliyeketi barazani hula alichopikiwa.

Neno hili lilipohamia katika siasa lilihama na maana yake yote. Uchaguzi mkuu ni karamu ya watu wote. Mchujo ni kazi ya jikoni itanguliayo karamu. Mwananchi akifika mezani akakuta majina mawili tu, kuchagua kwake kumekwisha kupunguzwa na mtu aliyemtangulia. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua nani atawalaye nchi hana budi kuuliza kwanza nani achujaye.

Mahali pema pa kulichungua jambo hili ni Jimbo la Washington, lililo kaskazini-magharibi ya Marekani kando ya Bahari ya Pasifiki, nalo lisidhaniwe kuwa ni mji mkuu wa nchi hiyo wenye jina lilo hilo. Jimbo hili limegombana juu ya kifumbu kwa muda mrefu: wakulima, vyama vya siasa, mahakama na raia wa kawaida wote wamekivuta, kila mmoja upande wake.

Katika karne ya 19 wagombea wa Marekani waliteuliwa katika mikutano ya vyama. Wajumbe walikutana, wakubwa wakanong'onezana, na mwananchi akaletewa jina lililokwisha kupikwa. Mwanzo wa karne ya 20 walitokea watu walioichukia desturi hiyo. Katika Jimbo la Wisconsin, ambako Robert La Follette alikuwa gavana, wapiga kura waliikubali mwaka 1904 sheria iliyowapa wao wenyewe kazi ya kuteua wagombea. Majimbo mengine yalifuata. Hatua hii ilikuwa kubwa, walakini ilikitoa kifumbu mikononi mwa wakubwa wa chama ikakitia mikononi mwa wafuasi wa chama. Asiye mfuasi alibaki nje ya jiko.

Washington ilikwenda mbele zaidi. Mwaka 1935, kwa juhudi ya chama cha wakulima kiitwacho Grange, ilipitishwa sheria iliyompa kila mpiga kura karatasi moja yenye wagombea wa vyama vyote. Aliweza kumchagua Democratic kwa kazi ya ugavana na Republican kwa kazi ya uhasibu, asiulizwe na mtu yeye ni wa nani. Aliyeongoza katika kila chama ndiye aliyeendelea hadi uchaguzi mkuu. Desturi hii ilidumu karibu miaka 70, na watu wakaizoea kama wazoeavyo njia ya kisimani.

Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri lililotoka California, iliamua kwamba mchujo wa namna hiyo wavunja haki ya vyama. Chama, ilisema mahakama, ni jamii ya watu waliojiunga kwa hiari yao, wala hakiwezi kulazimishwa kuchaguliwa mgombea wake na watu wasio wake. Mwaka 2003 mahakama ya rufani ikaitangua sheria ya Washington kwa sababu iyo hiyo. Hoja ya vyama haikuwa ya kudharauliwa. Wenye nyumba wana haki ya kumteua msemaji wa nyumba yao, na jirani aingiaye kuwateulia huenda akawateulia bubu.

Lakini raia nao walikuwa na hoja. Katika Washington mtu hajiandikishi kuwa wa chama fulani anapojiandikisha kupiga kura. Moyo wake ni siri yake. Mwaka 2004 walipoambiwa wachague karatasi ya chama kimoja na kuiacha ya pili, wengi waliona wamenyang'anywa mali ya baba zao. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo wakapitisha pendekezo la raia namba 872 kwa kura karibu 60 katika kila 100. Vyama vilikimbilia mahakamani tena. Tarehe 18 Machi 2008 Mahakama ya Juu, majaji 7 wakikubali na 2 wakikataa, iliiruhusu sheria hiyo isimame, na ikatumika mara ya kwanza mwezi wa Agosti mwaka huo.

Hekima ya sheria hii imo katika jambo ambalo haikulifanya. Haikudai kuteua mgombea wa chama chochote. Hupunguza wagombea tu. Wote wanaotaka kazi moja huandikwa katika orodha moja. Chini ya jina la kila mmoja huandikwa kwamba anapendelea chama fulani, na maneno hayo ni ya mgombea mwenyewe, si muhuri wa chama. Chama chaweza kumkana, naye akaendelea kukipenda. Karatasi za kura hupelekwa kwa posta nyumbani kwa kila aliyejiandikisha, na mchujo hufanywa Jumanne ya kwanza ya Agosti. Wawili walioongoza huendelea hadi Novemba, wakiwa wa vyama viwili, au wa chama kimoja, au hawana chama kabisa. Kazi ya urais haimo katika mpango huu. Ina njia yake. Lakini gavana, maseneta, wabunge na wakuu wa idara za jimbo wote hupita katika kifumbu hiki.

Faida yake yaonekana mahali ambapo chama kimoja kina nguvu nyingi. Katika mahali kama hapo, mchujo wa chama ndio uchaguzi wenyewe, na Novemba huwa ni sherehe ya kutia sahihi. Mtu wa chama kidogo hupiga kura maisha yake yote bila ya kura yake kugusa kitu. Wawili wa chama kikubwa wanapokutana Novemba, mtu huyo hupata nguvu asiyokuwa nayo, maana kila mmoja kati ya wawili hao hana budi kumwendea na kumsikiliza. California, iliyoufuata mpango huu kwa kura ya raia mwaka 2010, ililiona jambo hilo mwaka 2016. Watu 34 waligombea kiti kimoja cha useneta; Kamala Harris na Loretta Sanchez, wote wa Democratic, wakabaki, na Harris akashinda. Wako waliosema kwamba hapo Republican walipata nafasi ya kuamua. Wako waliosema kwamba waliachiwa kuchagua kati ya embe mbili hali walitaka chungwa. Wote wawili walisema kweli.

Walakini kila kifumbu kina tundu zake. Waswahili husema, wengi wape. Methali hii yadhani kwamba wengi wajulikana, na kwamba ni kundi moja. Je, wengi wakijigawa wenyewe vipande vipande, wapewe nini?

Mwaka 2016 Washington ilihitaji mtunza hazina mpya. Kwa zaidi ya nusu karne kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Democratic. Katika mchujo wa Agosti walisimama Democratic watatu na Republican wawili. Ukijumlisha kura za wale watatu, zilizidi nusu ya kura zote. Lakini zilikuwa zimegawanywa mafungu matatu, na za Republican mawili tu. Basi Republican wawili, Duane Davidson na Michael Waite, ndio waliopita. Novemba zaidi ya nusu ya jimbo ilitazama karatasi isione mtu wake. Davidson akawa mtunza hazina. Hapana aliyeiba kura, hapana aliyekosa kuhesabiwa. Wengi walishindwa kwa sababu ya wingi wao.

Ingalidhaniwa kwamba watu wangaliionya miguu yao baada ya kujikwaa hapo. Mwaka 2024 ilifika zamu ya Kamishna wa Ardhi za Umma. Kazi hii haina fahari ya ugavana, lakini ina uzito: kamishna husimamia mamilioni ya ekari za misitu na ardhi, huongoza vita ya kuzima mioto ya msituni, na fedha za mbao zitokazo katika ardhi hizo husaidia kujenga shule. Safari hii walisimama Democratic watano na Republican wawili. Kwa mara nyingine jumla ya Democratic ilizidi nusu. Jaime Herrera Beutler wa Republican aliongoza. Nyuma yake walifuatana Dave Upthegrove wa Democratic na Sue Kuehl Pederson wa Republican, karibu sana hata jicho halikuweza kuwatenga.

Sheria ya jimbo huamuru kura zihesabiwe tena kwa mkono tofauti iwapo ndogo mno. Basi katika kaunti 39 za Washington watu waliketi mezani wakafunua karatasi moja moja, kura zilizokaribia milioni mbili. Walipomaliza, Upthegrove alikuwa mbele kwa kura 49. Wangaliweza kukaa katika ukumbi mmoja wa shule watu hao 49, na viti vikabaki. Kwa sababu yao, wapiga kura wa Novemba walipewa vyama viwili mahali pa kimoja. Na Novemba ilipofika, Upthegrove akashinda.

Huu ndio mfano ambao msomi apaswa kuutafakari kwa makini. Mtu yule yule alikuwa karibu kutupwa pamoja na chicha mwezi wa Agosti, na miezi mitatu baadaye akapendwa kuliko mwenzake na wapiga kura wa jimbo zima. Kama kura 49 zingaliangukia kwingine, misitu, mioto na shule vingalikuwa na msimamizi mwingine, na historia ingalisema kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi ya watu.

Lawama iwekwe wapi? Wale Democratic wanne walioshindwa walikuwa na haki ya kusimama kama aliyepita. Aliyempigia kura wa tano kwa kuwa alimwamini hakukosa. Hata hivyo, haki za watu wengi, kila moja ikiwa safi, zilikaribia kuzaa tokeo ambalo wengi wao wasingalilitaka. Zamani mkutano wa chama ungalifunga mlango, ukawasikiliza watano, ukamtoa mmoja. Mkutano huo ulikuwa na uchafu wake, lakini ulikuwa na kazi yake: uliwafanya watu wapatane kabla ya kuhesabiwa. Mchujo wa wote uliuondoa uchafu ule. Kazi ile haukumpa mtu. Imeanguka juu ya mabega ya mpiga kura aliyeketi peke yake na karatasi yake, akijiuliza: nimchague nimpendaye, au nimchague nidhaniye kwamba wengine watamchagua? Hapo kura huacha kuwa sauti ya moyo ikawa bahati nasibu.

Tena wajanja hawakosekani. Katika mchujo wa useneta wa California mwaka 2024, matangazo ya Adam Schiff wa Democratic yalimtaja mno Steve Garvey wa Republican. Kumtaja kulimpa Garvey sifa mbele ya watu wa chama chake, naye akapita pamoja na Schiff. Katie Porter, mshindani hodari wa chama cha Schiff mwenyewe, akabaki nje. Kumchagua adui wa kupigana naye ni ufundi wa zamani katika vita, na sheria mpya haikuufuta.

Majimbo mengine yametafuta dawa. Louisiana, tangu miaka ya 1970, iliwachuja wagombea wake wa ugavana kwa orodha moja, ila mwenye kupata zaidi ya nusu alishinda papo hapo. Nebraska humchagua mjumbe wa bunge lake bila jina la chama kuandikwa popote. Alaska ilikubali mwaka 2020 kuwapitisha wanne badala ya wawili, kisha mpiga kura akawapanga kwa daraja, wa kwanza hadi wa nne, ili kura ya aliyeanguka imwendee mwingine isipotee. Mwaka 2024 wapinzani walitaka kuufuta mpango huo, wakashindwa kwa kura zisizofika 1,000. Kifumbu cha Alaska kina tundu kubwa zaidi, na chicha ipitayo huchujwa tena. Lakini hicho nacho chahitaji mkono uliojifunza kukitumia.

Basi yaonekana kwamba sheria ya uchaguzi yaweza kukihamisha kifumbu, isiweze kuifanya kazi ya mkono. Wenye chama walipokuwa nacho, raia alilalamika kwamba hapewi nafasi jikoni, na malalamiko yake yalikuwa ya haki. Sasa amepewa. Aliyepewa jiko amepewa na moshi wake: kuwajua wagombea kabla ya Agosti na si baada yake, kuzungumza na jirani ili kura zisitawanyike, na kuwataka wanaofanana wapatane mapema nani asimame. Mchujo wa Agosti huwa na wapiga kura wachache kuliko uchaguzi wa Novemba, kana kwamba watu wengi hungoja barazani wakisikiliza kinu kikitwanga. Wageni hao hawana budi kukumbuka usiku ule ambao kura 49 ziliamua chakula cha nyumba nzima.