Ziwa Kisale, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi

Kutoka Bukama tulishuka mto Lualaba kwa mtumbwi wa mota mpaka Kikondja, kando ya ziwa Kisale. Tulikwenda mara mbili, mwezi wa tatu na mwezi wa nane. Ungesema ni mahali pawili mbalimbali.

Mwezi wa tatu maji yalifunika majani mpaka mbali. Mbayuwayu, wanaokimbia baridi ya Ulaya, walikuwa bado wanaruka juu ya mafunjo. Wavuvi wengine wamejenga vibanda vyao juu ya mafunjo yanayoelea. Wamama wa huko walituonyesha kambale wadogo sana kati ya majani. Mvua ikinyesha, kambale huingia katika majani yaliyofurika na kutaga mayai humo.

Mwezi wa nane mbayuwayu walikuwa wamekwenda zao. Maji yalikuwa yameshuka na kuacha madimbwi. Yangeyange walisimama pale wakiokota samaki waliokwama, na wavuvi nao walijaza vikapu.

Samaki wakubwa wa kiangazi ni wale wadogo wa mvua zilizopita. Anayevuta chandarua katika majani wakati wa mvua anaondoa chakula cha kesho, na mtoto wake analala bila kinga ya malaria.

Sokoni wanunuzi ni sisi. Wakituletea lundo la samaki wadogo kama punje, hata kwa bei ya chini, tusinunue. Chandarua kibaki kitandani.