Alfa ya Seminari na Haki ya Mnunuzi



Kwa miaka miwili, mgeni aliyepita nyuma ya jiko la seminari yetu na kufika kwenye banda la magari alikuta vyombo vitatu: trekta, pikapu ya kubebea mahindi, na gari dogo la bluu iliyoiva, Alfa Romeo 156. Viwili vya kwanza havikumshangaza mtu. Cha tatu kilileta swali lile lile kila mara: mafrateri na gari la mbio, wapi na wapi? Sisi wanne tuliopangiwa gereji katika kazi za mikono tumelijibu swali hilo mara nyingi. Sasa gari limeondoka, na tunaona ni vema tuwashirikishe wasomaji wa jarida letu yale tuliyojifunza. Si mambo ya spana tu. Ni mambo ya ukweli, ya umaskini wa kiinjili, na ya kile ambacho mtu anamdai jirani yake anapomuuzia kitu.

Gari lilikuwa la daktari mmoja aliyefanya kazi Uingereza miaka mingi, akarudi nalo nyumbani alipostaafu. Uzee ulipomzuia kuendesha, aliliachia seminari. Ndiyo sababu usukani ulikuwa kulia, kama magari yetu, lakini mita ya mwendo ilisomeka kwa maili. Kila hesabu ya matengenezo ilitulazimu kuzidisha kwa 1.6 kwanza. Kitabu cha matengenezo hakikuwemo. Tulipokea funguo, tairi la akiba, na gari lisilo na historia.

Historia ya jina lake, kwa upande mwingine, inajulikana vizuri. Kampuni ilianzishwa Milano mwaka 1910 kwa jina la A.L.F.A., yaani Anonima Lombarda Fabbrica Automobili. Mwaka 1915 ikaingia mikononi mwa mhandisi Nicola Romeo, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia jina lake likaunganishwa na lile la awali. Nembo yake ina msalaba mwekundu juu ya weupe, alama ya jiji la Milano, na pembeni yake nyoka wa ukoo wa Visconti mwenye mtu kinywani. Wanafunzi wa falsafa hatukukosa kukumbushana kwamba ni katika jiji hilo Mtakatifu Ambrosi alimbatiza Agustino mwaka 387. Gari la 156 lenyewe lilitoka mwaka 1997, na mwaka 1998 likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Mchoraji wake, Walter de Silva, alificha vishikio vya milango ya nyuma kwenye kona ya dirisha, hata ukilitazama haraka unadhani lina milango miwili. Mara ngapi tumeona padre mgeni akizunguka gari akitafuta pa kufungulia!

Uzuri huo una gharama yake. Injini yetu ilikuwa ya lita 2.0, aina iitwayo Twin Spark, maana yake kila silinda ina plagi mbili, moja kubwa na moja ndogo, ili mchanganyiko wa petroli na hewa uungue vizuri zaidi. Silinda nne, plagi nane. Injini hizi zinajulikana pia kwa kunywa oili, kwa hiyo kila Jumamosi tulivuta stiki, tukaifuta, tukaichovya tena na kuandika kiwango. Mikono ya juu ya miguu ya mbele ilikuwa ikilia kila tulipovuka tuta, kwa sababu bushi na maungio yake hayapendi vumbi wala makorongo. Na ndani kabisa, nyuma ya kifuniko cha plastiki, ulikuwepo mkanda wa taiming.

Mkanda huo ni wa mpira wenye meno. Kazi yake ni kuhakikisha valvu zinafunguka na kufunga kwa mpangilio mmoja na pistoni. Ukikatika, shafti inayofungua valvu inasimama, pistoni zinaendelea kupanda, zinagonga valvu zilizobaki wazi na kuzipinda. Injini nzima inafunguliwa, au inatupwa. Mkanda hautoi taarifa. Gari linaweza kuwaka asubuhi kwa sauti safi kabisa na jioni likawa chuma tu. Mafundi wanaozifahamu injini hizi huubadilisha kila kilomita 60,000 hivi. Kwetu hizo zilikuwa maili 37,000, lakini kuanzia lini? Hapo ndipo penye tatizo: hatukujua.

Katika somo la falsafa ya maumbile tulikuwa tukisoma kitabu cha pili cha Fizikia ya Aristotle, anapotofautisha vitu vya asili na vitu vya ufundi. Kitu cha asili kina ndani yake chanzo cha mwendo wake. Mbuzi akijeruhiwa, jeraha linafunga lenyewe. Mti ukikatwa tawi, unachipua. Kitu cha ufundi hakina chanzo hicho. Ufa wa mkanda hautafunga usiku wakati sisi tumelala. Uzima wote wa gari uko nje yake, katika macho na mikono ya wanaolitunza, na pale wanapochoka kutazama hakuna kingine kinachotazama badala yao.

Mwaka jana familia moja ya karibu sana na seminari, watu waliotusaidia miaka mingi, waliomba Alfa imbebe bibi harusi wao. Ombi lilikuwa la heshima, na gari lilikuwa limeoshwa na kung'aa. Sisi wanne tulikwenda kwa Padre Gambera kabla hajatoa jibu.

“Baba,” tulimwambia, “gari linawaka vizuri, lakini mkanda wake hatuujui umri.”

“Mna uhakika utakatika?”

“Hapana, Baba. Tuna uhakika kwamba hatujui.”

Alinyamaza kidogo. Barabara ya kwenda parokia ile inashuka mlima, na injini ikizimika ghafla kwenye mteremko, usukani unakuwa mzito na kanyagio la breki linakuwa gumu. Akachukua simu na kuwaeleza mwenyewe kwamba gari halitatoka. Familia haikufurahi. Mzee wao alipokutana nasi baada ya Misa ya Dominika iliyofuata, alitusalimia kwa ncha za vidole. Hata baadhi ya mafrateri wenzetu walisema tumeaibisha nyumba kwa sababu ya kipande cha mpira.

Tulipata mkanda mpya pamoja na kapi la kukazia, na pampu ya maji, maana kufungua sehemu ile mara mbili ni kupoteza kazi. Fedha ilitoka kwenye mboga za bustani yetu. Fundi wa mjini alitushauri tuweke alama za rangi kwenye gia kabla ya kuvua mkanda wa zamani, kisha tuurudishe mpya kwa kufuata alama zile zile. Mwalimu mmoja wa ufundi wa magari, ambaye huja kutufundisha Jumamosi, alikataa. Mkanda uliochakaa huenda umeshalegea au kuruka jino, alisema, na ukipima kwa alama zake utaurithisha mkanda mpya kosa la jana. Alikuja na vifungio maalumu vya kushikilia shafti za juu, na saa ya kupimia inayoingizwa kupitia tundu la plagi ili kujua pistoni imefika juu kabisa. Siku hiyo tulielewa vizuri kuliko darasani kwa nini kipimo hakiwezi kuwa kile kinachopimwa.

Mkanda wa zamani ulipotoka, ulikuwa na nyufa kwenye mashina ya meno, na meno matatu yalikuwa yameanza kunyanyuka. Tulimpelekea yule mzee auone. Aliupinda kwa vidole, nyufa zikafunguka. Akatutazama, akasema, “Kumbe,” na salamu zake zikarudi kuwa za kiganja kizima.

Hata hivyo, kati yetu tulikubaliana jambo moja: kama mkanda ungetoka mzima, kukataa kwetu kungebaki sahihi. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba busara ni akili nyoofu katika mambo ya kutenda, na anayetenda hutenda kwa kile anachokijua wakati ule, si kwa kile kitakachofunuliwa baadaye. Zile nyufa zilimridhisha mzee. Hazikuwa ndizo zilizotupa haki.

Lilibaki swali la wageni wetu: wapi na wapi? Tarehe 6 Julai 2013, Papa Fransisko alipokutana na waseminari na wanovisi jijini Roma, aliwaambia kwamba humuuma kumwona padre au sista na gari la toleo jipya kabisa. Hakukataa gari, kwa sababu kazi inalihitaji, ila alisihi liwe la kawaida. Alfa yetu haikuwa toleo jipya, na thamani yake sokoni ilikuwa chini kuliko ya pikapu. Lakini tulijichunguza kwa unyofu. Kuna umiliki wa bei na kuna umiliki wa moyo. Tulianza kulijua gari lile kwa sauti yake. Tuliwahi kumaliza masifu ya jioni na mazungumzo ya kwanza mezani yakawa ni bushi. Kwa upande wa pili, kutunza kitu cha zamani kuliko kukitupa ni namna ya kushukuru, na waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015 unakemea vikali utamaduni wa kutupa. Umaskini wa kiinjili hauko katika kuacha vitu vioze. Uko katika kuwa tayari kuviachia vinapohitajika mahali pengine.

Na Alfa ilihitajika mahali pengine. Pampu ya kisima chetu ilikuwa imechoka, na baraza la walezi likaamua gari liuzwe. Sisi tulipewa kazi ya kuliandaa na kulieleza kwa wanunuzi.

Hapo mjadala ukawaka. Mafrateri wengine walisema mnunuzi ni mtu mzima, afungue macho yake, alete fundi wake. Wengine walisema yaandikwe yote. Tukafungua Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 77, kifungu cha 3, ambapo Mtakatifu Thoma anauliza kama muuzaji analazimika kutaja kasoro ya kitu anachouza. Jibu lake lina ngazi. Kasoro ikiwa imefichika na inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji lazima aitaje. Kasoro ikiwa wazi, kama farasi mwenye jicho moja, halazimiki kuitaja, mradi bei imepunguzwa kwa haki. Anaongeza jambo la kuwafariji wahazini: si lazima kasoro zitangazwe na mpiga mbiu sokoni, kwa sababu watu wataogopa kabla ya kuyajua mazuri ya kitu. Inatosha kumwambia kila mmoja anayekuja kununua.

Tulifanya hivyo. Mlango wa kushoto uliobonyea tuliuacha ujisemee. Katika daftari tuliandika yaliyofichika: linakunywa oili, na kiasi gani kwa mwezi. Linagonga kama dizeli kwa sekunde chache likiwashwa asubuhi, kwa sababu ya kifaa kinachorekebisha muda wa valvu kilichoanza kuchakaa. Shokapu ya nyuma kushoto inavuja. Mkanda umebadilishwa, tarehe fulani, maili fulani. Yaliyotangulia miaka miwili hatuyajui.

Mnunuzi wa kwanza alikuja na fedha taslimu, na bei yake ingetosha pampu nzima na mabomba. Akaendesha, akatabasamu. Akaomba daftari, akalisoma mara mbili, akalifunga taratibu, akashukuru na kuondoka. Padre mhazini hakusema neno, lakini tuliona alivyoitazama barabara. Baada ya wiki tano akaja mwingine, na kilichomvuta ni daftari lenyewe. Alisema hajawahi kuuziwa gari akiambiwa ubaya wake. Alitoa bei ya chini. Pampu ilingoja muhula mzima, na muhula huo tulibeba maji kwa trekta kila jioni, pamoja na wale waliotuambia kwamba uaminifu wetu ulikuwa umezidi kiasi. Hawakuacha kutukumbusha, na hatukuwa na jibu jepesi la kuwapa, kwa sababu ndoo zilikuwa nzito kweli.

Wengi wetu tuna umri wa miaka 25 hivi. Mungu akipenda, baada ya miaka michache tutakabidhiwa parokia zenye magari, majengo, fedha za waamini, na kubwa zaidi, watu wenyewe. Mengi ya hayo yatatufikia kama Alfa ilivyotufikia, bila kitabu, yaking'aa nje, na tutaombwa tuyatumie kesho asubuhi. Ombi letu kwa seminari na parokia nyingine ni dogo: kila gari liwe na daftari lake, na liandikwe hata lile msilolijua. Atakayelipokea baada yenu ana haki ya kulisoma.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.