Kiti cha Mama kwenye Kwaya

Sisi tunaoandika ushuhuda huu ni watoto watano wa mchungaji aliyetumika Buhare, pembeni kidogo ya mji wa Musoma. Tulizaliwa sita. Tumeandika pamoja kwa sababu kila mmoja wetu anakumbuka kipande chake, na hakuna mwenye habari yote.

Ushuhuda wenyewe ni wa mama yetu. Washirika walimwita Mama Mchungaji kwa miaka mingi hata wengine wakasahau jina lake. Baba ndiye aliyewekewa mikono. Mama hakuwekewa, lakini ibada ya Jumapili haikuanza mpaka yeye atoe sauti ya kwanza, kwa koo lake mwenyewe, na kwaya impokee.

Kanisa letu la Mennonite lilianza Shirati mwaka 1934, wamisionari wa kwanza walipofika kutoka Marekani. Kwao walizoea kuimba bila kinanda, kwa sauti nne, na uimbaji huo ukaota mizizi huku kwetu Mara. Mwaka 1967, Zedekia Kisare alipowekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa letu, tayari palikuwa na watoto waliokuwa wamelelewa katika uimbaji huo tangu migongoni mwa mama zao. Mama yetu alikuwa mmoja wao.

Alifundisha kwa solfa. Alichora mistari ubaoni, akaandika d, r, m, f, s, l, t, akaweka nukta mbili kutenganisha mapigo, na mtu ambaye hajawahi kuona kinanda aliweza kuimba wimbo mgeni kabla jioni haijaisha. Vijana walipolalamika kwamba solfa ni ya kizamani, aliwaambia habari za Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na wa kwaya huko Afrika Kusini, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo tunayoimbia wimbo wetu wa taifa. Naye aliandika nyimbo zake kwa solfa. "Chaki na daftari vilimtosha," alisema. "Nyie mnataka nini zaidi?"

Shida ya kwaya ya Buhare ilikuwa moja. Waimbaji wengi walikuwa wanafunzi wa Chuo cha Maendeleo ya Jamii. Walikuja hawajui kutofautisha sauti ya kwanza na ya pili, Mama akawafundisha, na walipoiva walimaliza masomo wakaondoka. Kila mwaka alianza upya. Hatukuwahi kumsikia akinung'unika. Alisema hao wameenda kuimba kwingine, na Mungu ni yule yule.

Walionung'unika ni sisi. Yafaa tuseme kweli, kwa kuwa katika vitabu vya namna hii nyumba za wachungaji huandikwa kana kwamba hazina moshi. Jumatano na Jumamosi jioni Mama alikuwa kwenye mazoezi. Penye msiba alikuwa mkeshani. Posho ya Baba ilikuwa ndogo, kwa hiyo alfajiri Mama alilima bustani, na usiku alishona sare za kwaya kwa cherehani ya mkono. Ugali wetu wa muhogo na mtama tuliusonga wenyewe tangu tukiwa wadogo. Mmoja wetu alikuwa na msemo kwamba sisi ni yatima ambao mama yao yu hai. Mama aliusikia siku moja akiwa mlangoni. Hakusema neno, akaingia akapakua chakula.

Kisha ukaja ugonjwa wa kitinda mimba wetu.

Alikuwa na miaka minne. Jioni ile mwili wake ulikuwa na joto kidogo tu, na Mama alitakiwa kwenye mkesha wa msiba katika nyumba ambayo nayo ilikuwa imefiwa na mtoto. Alimpa dawa, akamkabidhi kwa dada mkubwa, akaenda kuimba. Alirudi alfajiri akamkuta anatetemeka. Walimkimbiza kutibiwa, na kila lililowezekana lilifanyika. Ilikuwa malaria, na siku ya tatu tukamzika.

Kwaya iliimba vizuri siku ile. Mama alikaa kwenye mkeka, mdomo umefungwa. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani, lakini hakuketi kwenye kwaya. Alikaa nyuma pamoja na akina mama wengine, na nyimbo zilipoanza alisimama kama wote, kimya. Ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili, karibu mwaka mzima.

Tulikuwa tumetamani Mama awe nyumbani jioni. Sasa alikuwa nyumbani kila jioni, na hatukujua la kufanya. Alipika, alifua, alituuliza habari za shule. Lakini alikuwa na desturi ya kuimba akiwa na kazi mikononi, sauti ya pili peke yake bila ile ya kwanza, na hiyo ilikuwa imekoma. Ndipo tulipotambua kwamba kwa miaka yote nyumba yetu ilikuwa na sauti, nasi hatukuwahi kuisikia mpaka ilipokatika.

Maneno hayakukosekana. Wako waliosema Mama Mchungaji amerudi nyuma kiroho. Wako waliomwambia Baba kwamba mke wa mchungaji anapaswa kuwa kielelezo. Baba aliwajibu kwamba Ayubu alipopatwa na msiba, rafiki zake walifanya jema kwa siku saba walizokaa naye bila kusema, na walianza kukosea walipofungua midomo. Baada ya hapo maneno yalipungua.

Usiku mmoja mkubwa wetu alijipa moyo akamuuliza, "Mama, umemkasirikia Mungu?"

Alikuwa anachambua mchele kwa mwanga wa kibatari. Akasema, "Nimemkasirikia. Lakini niende kwa nani?" Akaendelea kuchambua.

Tuliogopa sana usiku ule. Leo tunaona kwamba lile lilikuwa ungamo la imani, ingawa halikufanana na yale tuliyofundishwa kwenye mafundisho ya ubatizo.

Kwaya haikumjaza mtu nafasi yake. Waliacha kiti chake mwisho wa mstari wa sauti ya pili, na hakuna aliyekikalia, hata sikukuu watu walipobanana. Hakuna aliyetangaza jambo hilo. Lilifanyika tu.

Karibu na Pasaka kwaya ilifanyia mazoezi uani kwetu, chini ya mwembe, kwa sababu kanisani palikuwa na ukarabati. Kulikuwa na wimbo mpya, na wanaume wa sauti ya tatu walikuwa wanakosea mahali pamoja. Walirudia na kurudia, kosa lile lile. Mama alikuwa barazani anapepeta dagaa. Tuliona ungo ukisimama. Wakarudia, ungo ukasimama tena. Mara ya nne aliuweka chini, akatoka na kanga yake imelegea, akasema kwa ukali, "Hapo ni mi, si fa. Mbona mnapanda?" Akaimba mstari wote wa wanaume, mpaka mwisho.

Hakuna aliyepumua. Mama mwenyewe alishtuka. Alirudi barazani akaokota ungo. Jumapili ya Pasaka aliketi kwenye kiti chake.

Tulipokuwa watu wazima tulimuuliza kama siku ile alipata ufunuo. Alicheka. "Ufunuo gani? Walikuwa wanakosea." Kisha akanyamaza kidogo akasema kwamba mtoto wake hakurudi, na swali lake kwa Mungu bado analo. Ila aligundua kwamba anaweza kuliweka pembeni ya wimbo, vyote viwili vikakaa ndani yake.

Leo Mama ni mzee. Kwaya ina kinanda cha umeme na spika kubwa, naye analalamika kwamba kila mtu siku hizi anataka sauti ya kwanza. Wajukuu anawafundisha solfa kwa mkaa ukutani, na Baba amechoka kupaka chokaa.

Wapendwa, huenda katika usharika wako yuko mtu anayesimama kimya nyimbo zinapoimbwa. Huenda ni mke wa mchungaji, ambaye wote humwomba awaombee na hakuna anayemuuliza ameamkaje. Usiharakishe kumpima imani. Mwachie kiti chake, na mwendelee kuimba mahali anapoweza kuwasikia, hata kama mnakosea.