Mizani ya Skuli

Sisi watu wa ushairi tumelelewa katika hesabu. Mtunzi wa tarbia hujua kwamba mshororo wake una mizani 16, nane kwa nane, na ikipungua moja, hata asiyejua kusoma huisikia kasoro kabla ya kuambiwa. Hesabu peke yake haifanyi shairi, lakini bila ya hesabu shairi hilo halisimami. Wazo hili hunijia kila nisomapo habari za skuli za sekondari katika miji mikubwa ya Marekani, hasa zile ziitwazo skuli za mkataba.

Nimezijua kwa njia ya kazi yangu. Jamaa yangu aliyehamia Chicago huniletea, mara kwa mara, barua ambazo skuli moja ya huko huwapelekea wazee, ili niwafasirie majirani zake waliotoka Kongo. Kiswahili chao si changu: wao husema masomo pale nisemapo mimi skuli, basi hutafuta maneno tunayokutana nayo sote. Nami niliyejisomea mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kamusi iliyokwishatoka jalada, nimejifunza katika barua hizo namna skuli inavyoendeshwa.

Skuli ya mkataba ni ya umma na haitozi ada, ila huendeshwa na bodi yake kwa hati ya miaka maalumu, nayo hati ikimalizika huweza kuongezwa au kukatwa. Sheria ya kwanza ya namna hiyo ilipitishwa Minnesota mwaka 1991, na skuli ya kwanza ikafunguliwa St. Paul mwaka 1992. Fedha hufuata idadi ya wanafunzi. Watoto wakipungua, mfuko hupungua, na walio wepesi kuondolewa ni wale ambao majina yao hayamo katika ratiba ya vipindi: msaidizi wa mwalimu, mshauri nasaha, muuguzi, ofisa wa ustawi wa jamii.

Barua iliyonikaa moyoni ilikuwa fupi. Ilisema kwamba mshauri wa wanafunzi wa darasa la mwisho ameacha kazi, nafasi yake haijajazwa, na wazee waombwa wawe na subira. Maneno yake yalikuwa mepesi kufasiri. Kizito kilikuwa ni kile kilichopotea. Huko, mshauri ndiye apelekaye vyuoni matokeo ya mwanafunzi pamoja na barua ya kumpendekeza, na ndiye amwongozaye mzazi katika fomu za msaada wa fedha. Kwa mtoto ambaye wazazi wake wamepita vyuo vya nchi ile, pengo hilo huzibwa nyumbani. Binti aliye wa kwanza katika ukoo wake kufika darasa hilo amwendee nani? Vyuo vina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haina subira.

Chama cha washauri wa skuli cha Marekani hupendekeza mshauri 1 kwa wanafunzi 250, na skuli nyingi hazijafikia hapo. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo nayo iliamua mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyotoka San Francisco, kwamba kumpa mtoto vitabu na mwalimu walewale, kwa lugha asiyoifahamu, si kumtendea kwa usawa. Naam, sheria ipo. Lakini sheria haina mdomo. Mdomo wake ni mtu aliyeajiriwa. Barua ikivuka bahari hadi Unguja kutafuta mfasiri, hiyo ni dalili kwamba mtu huyo hayupo.

Wafanyakazi wenyewe wamelisema jambo hili. Desemba 2018, walimu na wasaidizi zaidi ya 500 wa skuli 15 za Acero, Chicago, waligoma, ukawa mgomo wa kwanza wa mtandao wa skuli za mkataba nchini humo. Walidai madarasa yenye wanafunzi wachache zaidi na malipo bora, hasa kwa wasaidizi, na baada ya siku chache wakapata makubaliano yaliyoyagusa yote mawili.

Wapo wasemao kuwa skuli ni mwalimu mzuri, mengine ni pambo. Siwabezi, mwalimu ndiye uti wa mgongo. Lakini mwalimu afundishaye, akaamua ugomvi, akafunga kidonda, akampigia simu mzazi, kisha usiku akaandika barua ya chuo, mwishowe hufundisha kidogo. Akichoka, huondoka, na darasa huanza upya na mgeni.

Barua ile niliifasiri kwa uaminifu, neno "subira" nikaliacha lilivyo, kwani si kazi ya mfasiri kumsahihisha mwandishi. Kisha, katika karatasi ya pembeni na kwa jina langu mwenyewe, niliwashauri wazee wale waende skuli, waombe mkalimani, na waulize jambo moja tu: kazi ya mshauri, hivi leo, inafanywa na nani?