SINDANO AMBAYO HAKUCHOMWA (Sehemu ya 5)



Wiki iliyopita niliahidi tutaongelea magonjwa ya zinaa kwa vijana, na inboksi imejaa maswali ya "UTI sugu". Nitayafikia. Ila leo naanza na kosa langu mwenyewe, maana nimelibeba miaka kumi sasa na halijawahi kuwa jepesi.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, nimepangwa kliniki ya wajawazito. Asubuhi ile mabenchi yamejaa, wengine wamekaa kibarazani, na wahudumu tuko wawili. Akaja binti wa miaka 21, mimba ya kwanza, miezi minne na nusu. Tukamtoboa kidole, tukapima. Kipimo kikasoma kaswende.

Nikasimama mlangoni na kadi yake mkononi, nikamwita jina, nikamwambia kwa sauti ile ile ninayoitia watu wa kupima uzito: "Wewe una kaswende. Nenda kachome sindano chumba namba tatu, kesho uje na mumeo." Benchi zima likageuka. Yeye hakusema kitu. Akapokea kadi, akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka. Nilijua anaelekea chumba namba tatu. Kumbe alielekea stendi.

Namba yake ya simu tulikuwa nayo. Sikupiga. Foleni ilikuwa ndefu, nikasahau.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa nimehamishiwa wodi ya wazazi. Akaletwa usiku, anasema mtoto hachezi tangu juzi. Nilitafuta mapigo ya moyo wa yule mtoto kila upande wa tumbo. Nikarudia. Hakuna. Alfajiri akajifungua mtoto wa kiume, ameshafariki. Kondo la nyuma lilikuwa kubwa na zito kuliko kawaida. Daktari akafungua kadi, akaona kaswende imeandikwa, na sehemu ya matibabu iko tupu. Akauliza, "Nani alimhudumia huyu kliniki?"

Mwandiko ulikuwa wangu.

Yule binti akanitazama, akasema taratibu, "Dawa nilikunywa, dada. Nilinunua." Kumbe siku ile pale kwenye benchi alikuwepo jirani wa mama mkwe wake. Akaona aibu kurudi. Akaenda duka la dawa, akasema ana UTI, akapewa azuma, akameza akijua amejitibu yeye na mwanawe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye uhai wa mtoto.

Kaswende, ambayo wazee waliita sekeneko, huanza na kidonda kisichouma. Kwa mwanamke kinaweza kukaa ndani kabisa asikione. Kinapona chenyewe baada ya wiki chache, mtu anashukuru Mungu. Baadaye vinaweza kutokea vipele, hata kwenye viganja na nyayo, navyo vinapotea. Kisha kimya, hata miaka. Huyo mtu anakula, anafanya kazi, anaolewa, na vijidudu viko kwenye damu. Ndiyo maana kusema "mimi sina dalili yoyote" hakutoshi. Ni kipimo tu kinachosema.

Mama akiwa mjamzito, vijidudu vinapita kwenye kondo na kumfikia mtoto. Mimba inaweza kutoka, mtoto akafia tumboni, akazaliwa kabla ya wakati, au akazaliwa mgonjwa.

Na dawa yake kwa mjamzito ni sindano ya benzathini penisilini. Azuma haimfikii mtoto inavyotakiwa. Doksi haifai kwa mjamzito. Ugonjwa ukiwa mpya, sindano moja. Ikiwa haijulikani umekuwepo tangu lini, sindano tatu, moja kila wiki. Inauma, siwadanganyi, utakaa upande mmoja siku mbili. Ila ni lazima uchomwe mapema, angalau wiki nne kabla ya kujifungua, ili mtoto naye apone. Kama penisilini inakudhuru, sema kabla ya kuchomwa, daktari atajua la kufanya. Ndiyo maana tunawasisitiza kuanza kliniki kabla ya wiki ya 12. Ukija na mimba ya miezi minane tunakupokea, lakini muda umeshatubana.

Kuhusu baba. Ukitibiwa peke yako, ukarudi nyumbani kwa mtu asiyetibiwa, unaambukizwa upya na sindano yako imepotea. Tibiwni wote wawili, na msikutane kimwili mpaka mhudumu awaambie mko salama. Na akina baba mnaosoma hapa: kipimo hakisemi nani alileta ugonjwa wala mwaka gani. Kinaweza hata kuendelea kusoma kwa mtu aliyetibiwa zamani akapona. Nimeona ndoa ikivunjika pale pale kwenye korido kwa kipimo ambacho hakikusema lolote kuhusu uaminifu. Tibiwni kwanza. Mazungumzo mengine yatafuata, mtoto akiwa salama.

Mama mwenye kijana wa miaka 19 au 20 nyumbani, nawe nina neno lako. Ukimkuta na kidonda au usaha, usianze na matusi. Ukimtukana atakimbilia duka la dawa, atameza nusu dozi, atanyamaza. Kisonono na klamidia mara nyingi kwa mabinti havionyeshi dalili, halafu vinaziba mirija, na baadaye analia hapati mtoto. Ile dawa ya macho anayopakwa mtoto akizaliwa tu, ni kwa ajili ya magonjwa haya haya. Mwambie, "Twende hospitali, nitakusubiri nje."

Mimi nilibadilika kwa gharama ya mtoto wa mtu. Siku hizi majibu natoa mlango umefungwa, sauti ya chini, tumekaa wote wawili. Sindano nahakikisha imechomwa kabla mama hajatoka getini. Asiporudi, napiga simu, hata kama ni jioni niko kwenye daladala.

Ukikutana na nesi aliyesema majibu yako mbele za watu, una haki ya kumwambia, "Dada, tuongee pembeni." Una haki hata ya kumlalamikia kwa mkuu wa kituo. Lakini nakuomba, pamoja na hasira zako, usiondoke bila sindano.

Yule binti sikumwona tena. Kama amepata mwingine, naomba kliniki alipokelewa na mtu mwenye busara kuliko mimi wa wakati ule.

Sehemu ya 6 tutaongelea hiyo "UTI sugu" yenu, maana nyingine wala siyo UTI. Mtumie posti hii mdogo wako aliyeolewa juzi.