Steringi Asiye na Jina

Kibanda cha video kilikuwa Manzese, nyuma ya mashine ya kusaga: kuta za mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza ndefu. Kiingilio shilingi mia. Watoto tulikaa chini, mbele kabisa. Mtafsiri alisimama kando na maikrofoni, akapunguza sauti ya Kiingereza na kupandisha yake, kwa mtindo ule ambao mtafsiri maarufu wa filamu, marehemu Lufufu, aliueneza kwa kanda zake Dar es Salaam nzima.

Kwa kawaida mtafsiri alijua yote. Filamu haijachanganya, ameshatuambia steringi yupi, adui yupi, na nani atamsaliti nani. Kisha ikaja The Bourne Identity, ya mwaka 2002. Wavuvi wanamwopoa kijana katika bahari ya Mediterania, ana risasi mgongoni, na kwenye nyonga, chini ya ngozi, kidude chenye namba ya akaunti ya benki huko Zurich. Hajui hata jina lake. Tukamgeukia mtafsiri.

"Hata mimi simjui," akasema. "Tumfuateni."

Alikuwa ameshaitazama, hilo lazima. Alitunyima makusudi, na namheshimu kwa hilo mpaka leo. Bila msaada wake tulipotea pamoja na steringi, Matt Damon. Sanduku la benki ya Zurich likatoa fedha, bastola na pasipoti za majina tofauti, na kila jina likazidi kumvuruga. Paris akatokea Wombosi, mtawala wa zamani kutoka Afrika, aliyetishia kuandika kitabu cha kuiumbua CIA. "Mobutu huyo!" watu wakapiga kelele.

Mwishoni njama ikafumuka. Kijana yule, Bourne, alikuwa ametumwa kwenye meli ya Wombosi amuue, lawama ziwaangukie watu wa Wombosi mwenyewe. Akamnyooshea bastola, akawaona watoto wa Wombosi, mkono ukashuka. Alipokimbia ndipo akapigwa risasi, akaangukia majini.

Ubishi ukaanza palepale: nini kilimpotezea kumbukumbu? Fundi baiskeli mmoja alishikilia kwamba si maji wala risasi: jamaa aliona wale watoto, akakataa kuendelea kuwa mtu yule. Kijana wa nyuma akamkatalia, risasi ni risasi. Mama muuza karanga akauliza watoto wenyewe wako wapi sasa, maana baba yao ameshauawa na mwingine. Mtafsiri akatangaza filamu ya pili, mara mbili, na hakuna aliyemsikiliza.