Hawa Watoto Si Wazito

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa Baiolojia, Kidato cha Pili. Ofisini walimu walishaniambia mapema: "Hawa watoto wazito." Mimi sikubali. Nilipouliza osmosisi kwa Kiingereza, kimya, macho yote mezani. Nikauliza kwa Kiswahili, binti mmoja akasema: "Mwalimu, si kama maharage ukiyaloweka usiku, asubuhi unakuta yamevimba?" Amekaribia kabisa! Amesoma miaka 7 kwa Kiswahili, kafika sekondari kabadilishiwa lugha kama sare. Kipindi cha dakika 40, nusu nzima natafsiri (msimamizi wa chuo akiingia, Kiingereza kinarudi haraka). Mwisho wa mwaka ataingia kwenye mtihani wa taifa na jibu lake kichwani, bila Kiingereza cha kuliandikia.